Kizingiti cha Chupa

Sonara alikuwa na mdomo ambao ungeuelekeza kwenye kidonda cha ng'ombe, funza wangehama wenyewe. Naanza na mdomo kwa sababu ndio uliokupokea dukani kwake, kabla ya salamu na kabla ya kiti. Alikozaliwa sijui na sikumuuliza. Maneno yake yalikuwa ya pwani, basi. Sisi tulimzoea hapa Kasulu mjini, kwenye chumba chembamba kati ya duka la mbolea na baraza niliyouzia dagaa, akichomelea hereni za wake za watu na kupanua pete za walionenepa. Nimekaa ubavuni mwake miaka kumi na saba. Hakuna siku aliyoniita jina langu. Aliniita Mama Dagaa, nami nilimwita Sonara, na hivyo ndivyo tulivyozeeka.

Ndiye aliyevunja uchumba wa mjukuu wangu Editha, kwa neno moja. Na mimi ndiye niliyemwalika aje kulisema. Nalitanguliza hilo ili mtu asije akasema nilimficha.

Zamani watu walimletea mawe mkononi. Simu za kutelezesha kidole zilipoenea, wakaanza kumletea mawe yaliyo ndani ya simu. Huyu anataka kuchumbia, yule anataka hereni za harusi ya mwanawe, mwingine kastaafu anataka kujipongeza. Wote wamechungulia mtandaoni, wamekuta jiwe linawaka kama jicho la paka, chini yake limeandikwa "bei njoo inboksi". Wenye akili walimjia Sonara kabla ya kutuma hela. Wengine walimjia baada ya mzigo kufika, na hao ndio waliotuchekesha.

Kulikuwa na mama mmoja wa vitenge, mtu wa kujisikia sana, alimletea picha ya rubi. Sonara akaishika ile simu kwa vidole viwili kama anayemtoa panya kwenye unga.

"Bibiye, umeipenda hii?"

"Nimeipenda, mzee wangu. Mwenyewe kaniambia imebaki moja."

"Basi usijisumbue kununua. Nenda stendi, simama nyuma ya basi lolote, mwambie dereva akanyage breki. Utaiona bure, tena mbili."

Baraza zima tulilia kwa kicheko. Yule mama hakupita tena mbele yetu. Alizunguka kwa nyuma, kwenye tope, mwaka mzima.

Alikuwa na sheria yake. Akikuambia jiwe lako ni la kweli, hadai kitu. Akikuambia ni feki, unatozwa adhabu: unanunua fungu la dagaa kwangu, unamwekea paka wake. "Ukweli mtamu ni sadaka," alikuwa akisema, "ukweli mchungu una kodi." Paka yule alinenepa hadi akawa hapandi ukuta. Na mimi, nisidanganye, kila mtu akiingia na simu mkononi nilikuwa naomba moyoni iwe chupa.

Adhabu ya pili ilikuwa jiwe lenyewe. Mtu akishaambiwa ni chupa, mara nyingi hulitupa pale pale kwa hasira. Sonara aliyaokota. Siku aliyokarabati mlango, saruji ikiwa mbichi, akayapanga yote kwenye kizingiti na kuyakandamiza kwa kidole gumba: mekundu, ya kijani, ya bluu, kama meno ya shetani. Baadaye kila akipata jipya alilichimbia kishimo. Huingii dukani bila kuyakanyaga. "Kanyaga taratibu, hapo wamelala wajinga wenzako." Na usiku wa mwezi yanang'aa, nakuapia, yanapendeza kuliko ya kweli yaliyokuwa ndani ya kabati.

Wengine walimwona mchawi, lakini alichokuwa nacho ni macho na subira. Alijua vidole gumba. Ndiyo, vidole gumba! Muuzaji akipiga picha jiwe, hulishika, na kidole kinaonekana. Kuna siku alimwambia mtumishi mmoja wa idara, "Kidole hiki chenye ukucha uliopasuka nimekiona kwa wauzaji watatu. Mmoja anasema yuko Arusha, mmoja Bangkok, mmoja ni mjane anauza urithi. Mjane gani ana ndevu kidoleni?" Maana yake picha ni ya wizi, imebebwa kutoka kwa mtu mwingine, na jiwe lenyewe huyo anayekuuzia hajawahi hata kulinusa.

Maneno yake mengine nimeyashika kama sala. Picha iliyopigwa chini ya taa ni bibi harusi aliyepakwa poda, omba video ya jiwe likiwa dirishani, mchana, mkononi mwa mtu, linageuzwa. Usiulize uzuri, uliza uzito na upana, maana picha hufanya punje ya mahindi kuwa kiazi. Jiwe la Mungu lina kasoro ndani, uzi, unyoya, wingu. Ukiona povu, mapovu ya mviringo kama ya soda, hiyo imetoka kiwandani. Cheti kilichopigwa picha ni picha, mpaka waliokiandika wakujibu wenyewe kwamba wanakijua. Na anayekataa kurudishiwa jiwe lake ukilikataa, huyo kesha kujibu, usimuulize tena.

Juu ya tanzanaiti alikuwa na wimbo wake. "Igeuze. Tanzanaiti ni mwanamke mwenye sura mbili: huku bluu, huku zambarau. Chupa ina sura moja tu, kama mjinga." Hilo nililisikia kutwa nzima miaka yote, hata paka alilijua.

Sasa msidhani alikuwa mtu wa kuonea wenye kujisikia tu. Alikuja mama mmoja kutoka Gwarama, kanga imepauka, kandambili zimefungwa kwa waya. Mwanawe aliyekuwa mbali alimwagizia kwa njia ya simu jiwe la yakuti, akamwambia mama, lifiche, hiyo ndiyo benki yako. Alilifunga kwenye kitambaa, kitambaa ndani ya kitambaa. Mtu yeyote mwenye roho angemwambia polepole. Sonara alibana lenzi yake jichoni, akaitoa, akasema, "Mama, una mtoto mwingine?"

"Ninaye, msichana."

"Mtegemee huyo."

Yule mama alikaa chini, pale pale kwenye kizingiti. Hakulia. Sonara akamtengenezea chai kwa mkono wake, sukari vijiko vinne, akamshikia kikombe mpaka akanywa. Adhabu ya dagaa hakumtoza. Lakini jiwe alilichukua, na lipo kizingitini mpaka leo, la tatu kutoka kushoto. Mimi nilimuuliza, "Sonara, ungepungukiwa nini kumdanganya?" Akasema, "Ningepungukiwa na jina la sonara."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Alisali sala tano na alitukana baina ya zote. Kiswahili chake kilikuwa kizuri mpaka ukitukanwa unataka kusema asante, na changu alikicheka mbele ya wateja. "Mama Dagaa anaongea Kiswahili kama anayetembea kwenye matuta ya mihogo." Alimhurumia paka, nzi akizama kwenye chai alimtoa na kumpuliza mbawa, lakini mke wake alikufa bila kuvaa hata jiwe moja. Alimzika na pete ya shaba. Nilipomwambia ni aibu alinijibu, "Nilimheshimu. Sikutaka avae kitu ninachojua bei yake."

Editha wangu alimaliza kidato cha nne akakaa nyumbani, nikamleta barazani anisaidie kufungasha. Ana kichwa yule mtoto, kichwa changu, si cha baba yake. Haukupita muda Sonara akamwita ndani. "Njoo unisomee simu za hawa watu, macho yangu yamechoshwa na ujinga." Editha akakaa kwenye kigoda mlangoni, akawa anamsomea matangazo ya wauzaji na kumweleza picha.

"Kuna nini ndani?"

"Jiwe la kijani, babu. Kama majani ya chai."

"Kidole?"

"Kimepakwa rangi, nyekundu. Kuna pengo la rangi pembeni."

"Ana wiki hajapaka. Maskini huyo, si tajiri anayepunguza kabati. Mapovu?"

Tulidhani anamfundisha. Alikuwa anamfundisha kweli, lakini sasa ninajua kulikuwa na jambo jingine. Wakati ule ule alianza kuweka kikombe nje ya meza. Alianza kusubiri useme kwanza ndipo akujue. Mimi nikasema, majivuno ya uzee. Mtu huona anachotaka kuona, na mimi nilikuwa nataka sonara anayeona.

Akatokea Dezire. Kijana wa Busunzu, mrefu, mpole, anapakia maharage kwenye pikipiki na kuyaleta mjini. Wazazi wake walikuja na wakimbizi kutoka Burundi, wakakaa kambini, baadaye wakapata uraia na shamba. Kanisani walikuwa watu wazuri, sisemi kitu. Lakini mimi ni Muha wa kwa Waha, baba yangu alifua majembe, na nilikuwa nimepanga Editha aolewe kwenye nyumba ya bati yenye watu wanaojulikana mpaka babu wa saba. Nilimwambia Editha, "Ujuzi wote wa mawe huo, unaenda kuokota changarawe?" Akanijibu, "Bibi, Sonara kanifundisha kupima. Huyu nimempima." Nikampiga kofi. Alikuwa na miaka ishirini na miwili.

Dezire akauza pikipiki yake, akaagiza mtandaoni pete yenye tanzanaiti. Alikuwa amesikia kwamba Editha anayajua mawe, akataka kumletea jiwe lisilomwaibisha.

Hapa nieleze mila, maana ndiyo iliyoniponza. Kwetu zamani mahari ilikuwa na majembe. Jembe likiletwa, mzee wa upande wa binti hulinyanyua mbele ya wakwe na kuligonga kwa jiwe. Likilia kama kengele, limepokelewa. Likisema "pu" kama chungu chenye ufa, linakataliwa hapo hapo, na aliyelileta haondoki nalo. Linabaki uani kwa wenye binti liwe shahidi. Baba yangu hakuna jembe lake lililowahi kukataliwa. Siku hizi majembe hakuna, wanaleta bahasha na pete. Nikasema, sawa, pete nayo itagongwa.

Siku moja kabla ya posa nilimfuata Sonara. Nilimweleza posa ni kesho, kijana ni wa kambini, kanunua jiwe kwa simu, na nataka alipime mbele ya watu.

"Na wewe unaonaje?" akaniuliza.

"Mtu wa kupakia maharage atapata wapi tanzanaiti? Ni chupa ile."

Alikuwa anampapasa paka.

Wakwe wakafika, wanaume sita na shangazi wawili, na mtungi wa pombe ya ndizi umefungwa majani. Editha yuko ndani na wanawake, ndiyo desturi, hatoki mpaka aitwe. Nikampa Sonara kiti cha mbele, naye kofia yake nyeupe kichwani, lenzi yake shingoni. Dezire akatoa kijisanduku kwa mikono miwili, akipiga goti. Mikono ilikuwa inamtetemeka, na sauti nayo.

Sonara akabana lenzi jichoni. Akaangalia muda mrefu.

"Kijana, hii umeipata wapi?"

"Mtandaoni, mzee. Niliomba video ya mchana. Na ukiigeuza inabadilika rangi."

"Hata dizeli kwenye dimbwi hubadilika rangi. Tumwoze binti dimbwi?"

Watu wa upande wetu wakacheka. Mimi nilicheka zaidi yao, nilijishika mbavu.

"Chupa," akasema Sonara, akamrudishia.

Shangazi yake mmoja akaanza kusema, "Lakini mzee, mtoto kauza pikipiki..." Dezire akamshika mkono anyamaze. Aliinuka, akaiweka ile pete juu ya mkeka mbele yangu, maana mila anaijua. "Ibaki, Bibi," akasema. "Mimi sikujua." Wakaondoka na mtungi wao haujafunguliwa. Ndani nikasikia kitu kimedondoka, bakuli.

Sonara aliitaka ile pete aitie kizingitini. Nilimnyima. Nilimwambia jembe lililokataliwa hukaa kwa wenye binti. Editha aliponiuliza nikamwambia nimeitupa chooni. Niliifunga kwenye nailoni, nikaizika ndani ya gunia la chumvi. Miaka sita ilikuwa mle. Siku yoyote ningeweza kuitoa juani na kuigeuza mara moja tu. Wimbo ule nilikuwa naujua kuliko "Baba Yetu". Sikuigeuza.

Dezire alioa mwaka uliofuata, huko huko Busunzu, ana watoto watatu. Editha hakumtaka yeyote niliyemletea, hata yule wa nyumba ya bati. Anauza dagaa barazani, ananipikia, ananikanda miguu kukiwa na baridi. Kwa Sonara hakukanyaga tena.

Mwaka jana duka lilifungwa. Sonara alichukuliwa na binti yake kwenda Kibondo, mwili umekwisha. Kisha nikapata salamu: Mama Dagaa aje, na aje na lile jiwe. Sikumwambia mtu kwamba ninalo. Yeye alijua tu.

Nilimkuta kwenye kitanda cha kamba, uani, uso ameuelekeza juani na macho yamefunikwa na utando mweupe kama maziwa yaliyopoa.

"Mwidiwe, Sonara," nikamsalimu kwa Kiha.

"Harufu imetangulia kabla ya salamu," akasema. "Kaa, Mama Dagaa. Umelileta?"

"Macho yameanza lini?"

"Yamemalizika lini, ndivyo uulize. Siku ile nilikuwa naona ukungu. Mkono wa kijana niliuona, pete sikuiona."

"Sasa ulipima nini, mtu wewe?"

"Sauti. Yake ilikuwa inatetemeka. Na yako, jana yake, haikutetemeka hata kidogo. Nikapima sauti mbili, nikachukua iliyonyooka."

"Si ungesema huoni!"

"Sonara asiyeona ni nani? Niambie. Ni mzee mwenye paka." Akanyoosha kiganja. "Lete."

Nikampa. Akaliweka jiwe kwenye mdomo wa chini, akatulia. Chupa hupata joto la mwili upesi, jiwe la kweli hukawia, hilo nalo alitufundisha. Alikawia nalo. Kisha akanirudishia. "Midomo nayo imezeeka. Nenda palipo na jua. Igeuze. Unaona nini?"

Nikasimama katikati ya ua. "Bluu."

"Geuza."

Nikageuza. Mkono wangu huu huu uliofungasha dagaa miaka yote, nikauona unatetemeka kama wa yule kijana.

"Mama Dagaa. Unaona nini?"

"Zambarau," nikasema.

Nilitaka atukane, nimtukane, tupate pa kuanzia. Akauliza, "Mjukuu ameolewa?"

"Hajaolewa."

"Basi mwambie ni chupa. Mtu anaweza kuishi na chupa." Akageuza uso ukutani. "Na wewe ndiwe utakayeishi na jiwe. Umelitaka mwenyewe."

Huo ndio uongo pekee niliowahi kumsikia akiuagiza. Hakumaliza mwezi.

Siku ile ile nilirudi Kasulu jioni, jua bado lipo. Editha alikuwa barazani anapepeta dagaa. Akaangalia mkono wangu uliofumba.

"Bibi, umeshika nini?"

Uongo wa choo ukanikauka mdomoni. Nikafumbua. Aliitambua bila kuwa ameiona hata siku moja.

"Nilimpelekea Sonara aipime tena," nikasema. "Kasema ni chupa. Chupa tupu."

Akajifuta mikono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja, akaichukua. Akasogea hadi kwenye kile kizingiti cha duka lililofungwa, pale palipokuwa na kigoda chake, jua linapopiga. Akainyanyua. Akaigeuza. Akasimama. Akaigeuza tena, polepole, kama alivyofundishwa.

Kisha akarudi, akaniwekea kiganjani, akavifunga vidole vyangu kimoja kimoja juu yake, huku ananitazama machoni.

"Chupa, Bibi," akasema. Akainama, akaendelea kupepeta.